Kifua Usikibane

"Usije tena. Na ile suti mpe mwingine."

Fundi alisoma ujumbe huo mguu ukiwa bado kwenye cherehani. Aliusoma mara tatu, akatoka mbio kwenda hospitali, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mwalimu, mchumba wake, alikuwa kitandani, macho wazi, bomba la kooni limemnyima sauti. Nimonia iliyaharibu mapafu yote mawili, na wiki ya tatu sasa alikuwa akiishi kwa mashine. Damu ilitoka mwilini ikiwa nyeusi, ikapita kwenye mashine kupewa oksijeni, ikarudi nyekundu, ili mapafu yapumzike. Jua la alasiri liliangaza mirija, na Fundi, kama kila siku, alihisi yuko ndotoni: chumba kimejaa maji ya uvuguvugu, na wao wawili wanaelea tu bila haraka.

"Nani kakutuma uniandikie upuuzi ule?"

Mwalimu akabonyeza simu yake. Ya Fundi ikatetema mkononi.

"Nakuonea huruma. Sitaki uwe mjane hata kabla ya harusi."

"Huruma yako kaa nayo. Nimeshakata kitambaa mimi!"

Daktari akaingia.

"Dada, leo tunamjaribu tena. Damu itazunguka, ila hewa ya mashine tunaifunga. Apumue kwa mapafu yake."

"Yakigoma?"

"Tunaifungua. Yameshagoma mara mbili."

Mwalimu akageukia ukutani. Hapo Fundi akaelewa. Mwanaume wake aliogopa kushindwa mbele yake, ndiyo maana akamfukuza. Moyo ulimuuma, hasira zote zikamwisha.

Daktari akafunga hewa.

Fundi akaizungusha futi kifuani pa Mwalimu, taratibu, asiguse mirija. Kila siku alimpima hivyohivyo, akijidai anarekebisha suti, na siku zote hizo futi haikusogea.

"Umekonda mpaka unaniharibia kazi. Haya mteja, vuta pumzi."

Futi haikusogea. Jasho likamtoka Mwalimu. Akamkazia macho Fundi kana kwamba wamebaki wawili tu duniani.

"Vuta, mpenzi. Mimi siondoki."

Futi ikateleza kidogo kati ya vidole vyake. Ikarudi. Ikateleza tena, safari hii karibu inchi nzima. Fundi alishindwa kuzisoma namba kwa machozi.

Saa mbili zikapita, naye hajaiachia. Daktari alipima damu, akarudia kuipima, kisha akatabasamu.

"Yanafanya kazi. Yakiendelea hivi, keshokutwa tunatoa mirija."

"Daktari, usinitanie."

"Nikutanie nini, dada? Si unayo futi mkononi?"

Fundi akaangua kilio, akainamia mkono wa Mwalimu. Mwalimu akabonyeza simu kwa mkono wa pili, ya Fundi ikatetema. Alikuwa karibu na Mwalimu kiasi cha kusikia pumzi zake, lakini maneno yake ilibidi ayasome.

"Ile suti usimpe mtu. Ila kifua usikibane. Nitanenepa."