Mikono Nyuma ya Shuka

"Nyumba namba kumi na saba haimo kwenye orodha, kwa hiyo mimi siwezi—"

"Orodha imekosea, fundi, bibi yangu hawezi—"

"—siwezi kufunga kitu ambacho hakuna aliyekiagiza—"

"—hawezi hata kujichana nywele."

Wote wawili walinyamaza kwa pamoja ili wavute pumzi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, drili mkononi. Aliyemzibia njia alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kwa wembamba wake, jumba zima lilimwita Sindano. Siku hiyo hakwenda shule.

Fundi alikuwa akibadilisha vyuma vya kuanikia nguo kwenye roshani za wazee. Vya zamani vilikuwa mabomba yaliyofungwa karibu na dari, kana kwamba aliyevipima alikuwa twiga. Vipya vilikuwa na kamba na mpini: unazungusha vinashuka hadi kiunoni, unaanika umesimama chini, unazungusha tena vinapanda. Ghorofa nzima ya tatu alishaimaliza, isipokuwa hapo. Kesho angehamia jumba jingine, na hakuna aliyejua kama angerudi.

"Mwache fundi wa watu aende," bibi alisema kutoka kitandani. "Orodha iko sawa kabisa."

Sindano alijua kwamba haikuwa sawa, maana aliyeiharibu ni yeye.

Miezi miwili nyuma, karani anayesimamia majumba haya alisimama uani na makaratasi yake. Kila mzee aliambiwa atoke kwenye roshani aanike shuka lililolowa, karani akimtazama kutoka chini. Atakayeshindwa, atabadilishiwa vyuma. Bibi hakuiamini habari hiyo hata kidogo. Kwake yeye, wakubwa wakishajua huwezi kuanika, wiki ya pili watasema huwezi kupika, na ya tatu gari linakuja kukupeleka makao ya wazee. Basi akapanga mchezo. Alilitandaza shuka mbele yake kama pazia. Sindano, aliyejibanza nyuma juu ya ndoo, akalinyanyua na kulirusha juu ya bomba. Bibi akachungulia pembeni, akatabasamu kama bibi harusi. Karani akaandika: anaweza. Walipoingia ndani walicheka mpaka bibi akapaliwa.

Kicheko kiliisha Jumanne iliyopita. Sindano akiwa shule, bibi alipanda ndoo peke yake. Alianguka, mkono ukavunjika mahali pawili, na shuka likamwangukia na kumfunika gubigubi. Majirani wa ng'ambo ya ua waliliona, wakadhani ni nguo tu iliyodondoka. Alilala juu ya saruji tangu saa tatu asubuhi mpaka Sindano aliporudi saa tisa. Muda wote huo hakuita mtu. Sauti alikuwa nayo, na dirisha la jirani lilikuwa wazi, lakini akiita, si karani naye atasikia? Daktari alisema mkono ule hautanyanyuka tena kupita kifua.

Sasa bibi alimtazama mjukuu wake, macho yakimkataza. Sindano aliitazama ndoo kupitia mlango wa roshani. Akisema, huenda gari likaja. Asiposema, ndoo iko palepale, na kesho lazima arudi shule.

"Fundi," alisema, "niitie karani. Mikono aliyoiona siku ile ni yangu."

Karani alipanda ngazi kutoka uani akihema, mama mnene mwenye miwani. Sindano alimweleza yote bila kuruka: shuka, ndoo, saruji, saa sita za kulala pale. Bibi aligeukia ukutani. Karani alitoka kwenye roshani, akaitazama ile ndoo kwa muda mrefu. Aliporudi hakugomba. Alifuta neno moja kwenye karatasi, akaandika jingine, akamwashiria fundi. Drili ikaanza kunguruma.

"Makao ya wazee yamejaa, mama," alimwambia bibi. "Hata ungepiga magoti usingepata nafasi. Vyuma hivi tunavifunga ili mzee abaki kwake."

Bibi alivuta shuka mpaka masikioni.

"Na wewe," karani alimgeukia Sindano, "ulimsaidia kuficha ukidhani ndiyo kumpenda. Ukimpenda mtu, sema shida yake kwa anayeweza kuitatua, hata kama atakununia. Leo umesema. Lakini ungesema mapema, mkono ungekuwa mzima."

Sindano aliinamisha kichwa.

"Usimwonee mtoto," bibi aliuambia ukuta. "Uongo ulikuwa wangu, mimi niliazima mikono yake tu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na ndoo, basi nishukuru."

Kufikia adhuhuri kazi ilikwisha. Bibi alisaidiwa kutoka nje, akazungusha mpini kwa mkono wake wa kushoto. Vyuma vikashuka taratibu. Alianika foronya moja, akavipandisha, kisha akasimama kuitazama bila kutabasamu. Fundi akakusanya vifaa vyake, akaaga.

Karani hakuondoka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, nina ombi," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yangu mzazi anaishi peke yake. Kila nikimpigia simu ananiambia hajambo, mikono mizima, miguu mizima. Ukipata nafuu, naomba uende ukazungumze naye. Mimi hataniambia."