Chumvi na Sukari kwa Pamoja

Msimu wa korosho ulipofika, Nasma na mumewe Huseni walishinda shambani Kitomanga. Mtoto wao Amiri, ambaye alikuwa bado ananyonya, walimwacha nyumbani na bibi yake, Bi Somoe.

Siku moja walirudi wakamkuta Amiri anaharisha maji matupu. Bi Somoe alikuwa ameacha kumpa maji. Kila akinywa anaharisha, alisema, basi tumbo lipumzike. Huseni hakuridhika. Alinunua soda, akamnywesha. Mtoto akazidi kuharisha, na Bi Somoe akaona alikuwa amesema kweli.

Kulipokucha, Amiri hakuwa na nguvu hata ya kunyonya. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nasma alimbeba mbio hadi zahanati, Bi Somoe akimfuata nyuma.

Muuguzi aliitwa Apolonia. Aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto, nayo ikachelewa kurudi. Haraka alichanganya pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari, katika lita moja ya maji safi, akampa Nasma kikombe na kijiko. Alimwambia ampe kidogo kidogo, na akitapika asubiri, kisha aendelee.

"Mwanangu, maji ndiyo yanayomharisha," Bi Somoe alisema. "Unamwongezea tena?"

"Hapana, bibi. Ugonjwa ndio unaoyatoa. Tusipoyarudisha, atakufa kwa kukaukiwa."

Apolonia akawaeleza. Utumbo umejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Katika utando huo kuna protini zinazopitisha vitu, kama milango. Wataalamu wamechunguza maumbo yake kwa mashine za pekee. Protini mojawapo huingiza chumvi na sukari kwa pamoja, na maji hufuata. Mtu akiharisha, mara nyingi protini hiyo huendelea kufanya kazi.

Nasma aliuliza kwa nini soda haikusaidia, wakati ina sukari.

"Sukari yake ni nyingi, chumvi karibu hakuna," Apolonia alijibu. "Sukari ikizidi, huyavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza kwenye utumbo. Katika ORS vyote vimepimwa."

Nasma alipochoka, Bi Somoe alikipokea kijiko. Akaendelea kumnywesha Amiri. Kufikia alasiri Amiri alikojoa, kisha akatafuta titi.

Walirudi nyumbani na pakiti nyingine za ORS na vidonge vya zinki, ambavyo mtoto alitakiwa avimalize hata akipona. Apolonia aliwaagiza wasimnyime titi wala chakula, wachemshe maji ya kunywa, na ORS iliyolala imwagwe.

Mvua zilipoanza, binti mdogo wa jirani yao aliharisha. Mama yake, Kondo, alikuwa amelificha kopo la maji. Bi Somoe alifika na pakiti ya ORS, akaomba maji yaliyochemshwa na kupoa.

"Usimnyime," alisema. "Anayeharisha ndiye mwenye kiu."

Akakaa na mtoto, akimnywesha kijiko baada ya kijiko. Kesho yake Kondo alimpeleka binti yake zahanati. Mtoto alikwenda kwa miguu yake mwenyewe.