Meza ya Watu Wawili

"Dada, samahani, nikuulize tu. Hii ni meza ya wapenzi au ni kikao cha ukoo?"

Aliyeuliza alikuwa dada wa tiketi, wa ule ukumbi mdogo wa vichekesho ulio ghorofani, juu ya duka la rangi. Mimi nilikuwa kazini, nimesimama juu ya stuli sebuleni kwa mteja, tepu ya kupimia shingoni, simu nimeibana kwa bega.

"Ya wapenzi," nikajibu. "Watu wawili, mbele kabisa, ubavuni mwa jukwaa. Si nilishakwambia?"

"Ulisema. Ila sasa hivi kuna mwanaume kapiga, kataja meza hiyohiyo, kasema watu wanne."

"Mwanaume gani?"

"Mpole mpole. Kila akitaka kusema kitu anaanza na samahani."

Nikashuka kwenye stuli. Huyo alikuwa wangu.

Mimi nashona mapazia. Watu wananiita Mkasi, na wala si kwa sababu ya kazi peke yake. Yeye ni fundi wa friji, mtu mwema mpaka wema wenyewe unachosha. Siku aliyoniambia anataka kunioa alikuwa amelala chali nyuma ya friji langu, tochi mdomoni. Akaitoa tochi, akasema kutokea hukohuko nyuma, "Mkasi, hivi tukioana ungeonaje?" Nikamwambia anipe muda. Akanipa, na hata siku moja hakuniharakisha.

Jibu nilikuwa nalo. Nampenda yule mtu, sina cha kuficha. Lakini tangu tuanze mapenzi sijawahi kukaa naye peke yetu chakula kikaliwa kikaisha bila mtu wa tatu kutokea, tena kwa kualikwa na yeye mwenyewe. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: kwamba nitaolewa, nitafunga mlango wa nyumba yangu, na yeye atakuja nyuma yangu aufungue. Ndiyo maana nikapanga Jumamosi ya vichekesho. Wawili, tucheke, halafu nimjibu.

Nikampigia.

"Umewaongeza kina nani?"

Nyuma yake friji la watu lilikuwa linanguruma.

"Mkasi, samahani. Nilipita kwa mama. Akaniuliza Jumamosi mna mpango gani. Nikamwambia tunaenda kwenye vichekesho. Sasa hapo ningesemaje? Nikasema, karibu mama."

"Ukasema karibu mama."

"Ni heshima tu, Mkasi. Mtu husema."

"Naye akasemaje?"

"Akasema asante mwanangu, nitakuja."

"Huyo ni mmoja. Wa nne ni nani?"

"Wifi yako alikuwa hapohapo anaosha vyombo. Nimkaribishe mama, dada yangu nimruke?"

Nikakaa kwenye mkono wa sofa la mteja. Mwenye nyumba akanitazama, akadhani vipimo vya dirisha vimenishinda.

"Fundi," nikasema, "hii ilikuwa siku yetu."

"Na bado ni yetu. Mama atakaa upande wake."

"Meza ya watu wanne ina upande gani wa mama?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kuomba radhi, kisha akasema mteja anamwita. Nikamwacha, maana ningeendelea ningemwambia la kumwambia.

Kesho yake nikiwa kwenye cherehani ujumbe ukaingia: "Mpenzi, samahani, usikasirike. Shangazi amesikia kwa mama. Amenipigia analalamika kwamba siku hizi tunamtenga. Nimemkaribisha."

Nikajibu: "Sawa."

Mwanamke akiandika sawa na nukta, mwanaume mwenye akili anatafuta usafiri wa kuja. Yeye akatuma kidole gumba.

Jioni akaja mwenyewe dukani kwangu na mkoba wake wa vifaa, uso umemnywea. Nikajua kuna lingine.

"Sema."

"Yule mama mwenye friji."

"Mama gani mwenye friji?"

"Mteja wangu. Friji lake linanisumbua wiki nzima. Akaniuliza Jumamosi jioni nipite nimalizie. Nikamwambia sitakuwepo, nitakuwa kwenye vichekesho. Akanitazama kwa huzuni, Mkasi. Maziwa yake yote yameharibika."

"Ukamkaribisha."

"Yeye na mumewe."

Nikaweka mkasi mezani. Niliuweka mbali kidogo.

"Hebu kaa. Kaa hapo kwenye marobota ya vitambaa. Unajua kwa nini nilipanga hii Jumamosi?"

"Tukacheke."

"Nilitaka nikujibu."

Akasimama, akakaa tena. Bisibisi ikamponyoka mkononi.

"Unijibu lile?"

"Lile. Sasa nieleze, nitakujibu vipi? Nimwambie shangazi apitishe maji huku mimi nasema nakupenda? Au mteja wako aulize kwanza friji lake limefikia wapi, ndipo mimi niendelee?"

"Mkasi, mimi sikujua."

"Hata ungejua. Wewe mtu akikutazama kwa huzuni unampa mpaka kiti changu. Nimechoka. Sijui nikikubali nitakuwa mke wako au nitakuwa mhudumu wa wageni wako. Hilo ndilo linalonizuia, hakuna lingine."

Aliinama kuokota bisibisi. Alipoinua macho yalikuwa mekundu, na mimi moyo ukaanza kulegea, nikaukaza.

"Nitaongea nao," akasema. "Wote. Tutakwenda wawili."

"Uwaambie wasije. Useme neno hilohilo."

"Nitalisema."

Ijumaa ujumbe ukaja: "Nimepita kwa wote. Kila kitu kiko sawa. Tuonane kesho saa moja ukumbini." Nikausoma mara mbili. Nikafurahi kama mjinga. Nikapiga pasi gauni la bluu, nikaimba, jirani akagonga ukuta.

Jumamosi mchana dada wa tiketi akapiga.

"Dada, nakuthibitishia tu. Tumewahamishia ile meza kubwa ya nyuma. Watu saba."

Nikakaa kitandani.

"Dada, upo?"

"Nipo. Nani kasema saba?"

"Yuleyule wa samahani."

Nikakata, nikampigia yeye. Alipokea upesi.

"Ulisema umeongea nao."

"Niliongea nao. Nilifika kwa mama, nikamkuta ameshatoa nguo ya kuvaa, ameitundika mlangoni. Nikashindwa. Shangazi naye keshasukwa. Mkasi, wamejiandaa watu wazima wale. Ningewatazamaje?"

"Na mimi gauni langu limetundikwa wapi?"

"Wewe ni wangu. Wewe unanielewa."

Basi hapo ndipo niliposikia kitu kimevunjika. Kumbe ndiyo hesabu yake: wageni wasiumie, mimi nitaelewa. Nielewe leo, nielewe kesho, nielewe mpaka nizeeke.

"Sawa, Fundi," nikasema. "Nenda na wageni wako."

Nikampigia tena dada wa tiketi.

"Ile meza yangu ya mwanzo, ya wawili, mmeshaiuza?"

"Bado, dada yangu."

"Niwekee."

"Na hii ya saba?"

"Hiyo itabaki na watu sita. Mimi sipo."

"Sasa kwenye ile ya wawili utakuwa wewe na nani?"

"Mimi na kiti."

"Dada, kiti kitupu nacho tunakikatia tiketi."

"Kikatie."

Akasema polepole, "Mimi nimekaa hapa dirishani nimeona mengi. Njoo. Nitakuwekea na maua."

Nikaenda. Ngazi za pale zinanuka rangi mpaka juu, lakini ukumbi ni mzuri, una pazia jekundu nyuma ya jukwaa, upindo umeshonwa ovyo. Nikakaa mbele, gauni la bluu, maua ya plastiki mezani, na kiti kitupu pembeni yangu. Nikageuka. Kwenye meza kubwa nilimwona katikati ya mama yake na shangazi yake, shati jeupe, ananitafuta kwa macho. Mteja na mumewe walikuwa ng'ambo, wifi pembeni anapiga miayo.

Nikamwandikia: "Niko mbele. Pembeni yangu kuna kiti na jibu lako. Vichekesho vikiisha nawe bado uko huko, usije kuniuliza tena."

Nilimwona anausoma. Nilimwona ananyanyuka. Shangazi akamshika mkono, akamwambia kitu, akampa mkoba wake amshikie avue koti. Akaushika. Akakaa.

Nikageukia jukwaa. Taa zikazimwa.

Mchekeshaji alikuwa mwanamke mfupi, amevaa koti la suti kubwa kuliko mwili wake. Aliwatania wanene, akawatania wembamba, akajitania mwenyewe. Watu wanavunjika mbavu. Mimi nilikuwa natazama upindo wa pazia. Akanifikia.

"Dada yangu wa bluu. Hebu tuambie, mwenzio yuko msalani au yuko kwa mwingine?"

"Yuko kwa mama yake," nikasema.

Wakacheka.

"Basi atarudi. Mama yake anakaa mbali?"

"Meza ile ya nyuma."

Ukumbi ukalipuka. Kijana wa taa akaigeuza taa mpaka kwenye meza kubwa, na huyo hapo mpenzi wangu, amefumba jicho moja kwa mwanga, amekumbatia mikoba miwili. Wa pili sijui alipewa saa ngapi.

"Kaka mwenye mikoba," mchekeshaji akaita, "wewe ndiye mwenye kiti hiki?"

"Samahani. Ndiyo."

"Na hao ulionao ni kina nani?"

"Mama yangu, dada yangu, shangazi yangu, na mteja wangu na mumewe."

"Mteja wa nini?"

"Wa friji."

Ilibidi mchekeshaji asubiri watu wamalize kucheka.

"Nani kawaalika wote hao?"

"Mimi niliwakaribisha."

"Na huyu wa bluu, naye ulimkaribisha?"

Akanitazama. Taa ilikuwa yake, lakini mimi nilimwona vizuri, na naapa niliuona wakati jambo lilipomwingia.

"Hapana," akasema. "Yeye ndiye aliyenikaribisha mimi."

Hakuna aliyecheka. Akasimama, akaweka mkoba mmoja mbele ya shangazi na mwingine mbele ya mama.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Mbele."

"Unatuacha sisi wageni wako?"

"Ndiyo, shangazi."

Nilisubiri samahani. Haikuja.

"Mwache aende," mama yake akasema, na sauti yake ukumbi wote uliisikia. "Mimi mwenyewe leo nilitaka kulala mapema."

"Sasa ulikuja kufanya nini, mama?" wifi akauliza.

"Si alinikaribisha? Nikimkatalia ataumia. Unamjua alivyo."

"Na mimi nimekuja kukusindikiza wewe. Kesho nina zamu ya asubuhi."

Shangazi akaguna. "Mimi nilisema mnanitenga. Sikusema nataka vichekesho."

Mteja naye akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Sisi tuliona tukikataa, fundi atakasirika aliache friji."

Mchekeshaji akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, kipaza sauti mapajani. "Yaani katika meza nzima," akasema, "hakuna hata mmoja aliyetaka kuniona mimi?"

Hapo hata mimi nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko. Wote walikuwa wanachoshana kwa heshima, wiki nzima, na mimi nikidhani nimezungukwa.

Fundi akafika mezani. Akasimama nyuma ya kiti.

"Nilidhani wewe hutaumia," akasema chini chini. "Kwa sababu ni wewe. Nilikosea."

"Ulikosea sana."

"Naweza kukaa?"

"Kiti kimelipiwa."

Akakaa. Nikamsogelea sikioni nikampa jibu lake, neno moja, mkono wake nimeubana ili asije akaruka. Hakuruka. Alifunika uso kwa viganja, na mabega yakawa yanatikisika.

"Kasemaje?" mchekeshaji akauliza. Ukumbi mzima ukadakia, kasemaje, kasemaje. Nikaona Fundi ananyanyua uso, anageuka kwa watu, mdomo unafunguka. Nikakata tamaa palepale. Nikajua sasa hivi atawakaribisha wote harusini, pamoja na kijana wa taa.

"Hilo," akasema, "ni la kwetu wawili."

Watu wakazomea kwa utani, mama yake akapiga makofi, na mchekeshaji akaendelea na kazi yake.

Harusi ilikuwa ya watu wengi, sikatai; ndugu ni ndugu, na mteja alikuja na maziwa baridi. Dada wa tiketi nilimwalika mimi mwenyewe, akakaa meza ya mbele. Lakini siku chache kabla ya hapo nilimkuta mume wangu mtarajiwa amesimama barazani, simu sikioni, mgongo ameugeuzia mlango, anakodi chumba cha fungate.

"Ndiyo, wawili," alikuwa anasema. "Hapana, vitanda vya ziada vya nini? Mama haji. Ndiyo, nimeshamwambia asije." Akasikiliza kidogo. "Na shangazi pia nimemwambia."