Nguvu za Kumwinua Dada

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Fundi alimhudumia dada yake. Alimgeuza upande wa ukutani, akamwosha mgongo. Alimgeuza upande wa mlangoni, akampaka mafuta. Kisha alimshika kwapani, akamwinua kutoka kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Hapo yeye mwenyewe alikuwa hoi, na siku ilikuwa haijaanza.

Dada alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilipooza. Maneno yalimtoka moja moja, tena kwa shida. Alimzidi Fundi kwa miaka mingi. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake na kumfundisha kushona.

Fundi alishona sare za shule katika chumba cha mbele. Watu wote walimwita Fundi, hata mumewe, ambaye naye alikuwa fundi, ila wa mbao.

"Nyumba hii ina mafundi wawili," mumewe alipenda kusema, "na mlango wa choo haufungi."

Umri wa Fundi ulikuwa umevuka hamsini. Kutwa alikaa kitini. Akipanda ngazi za duka la vitambaa, ilibidi asimame katikati, ajifanye anatafuta kitu kwenye mkoba, kumbe anatafuta pumzi.

Asubuhi moja alimwinua dada kama kawaida. Mikono ikamlegea katikati ya safari. Wote wawili waliteleza, wakaanguka sakafuni kati ya kitanda na kiti. Hakuna aliyevunjika. Lakini Fundi alijaribu kumwinua dada akashindwa. Alijaribu tena akashindwa. Dada akajikojolea. Alifumba macho kwa aibu.

Walikaa pale chini mpaka mumewe seremala aliporudi kula chakula cha mchana.

Habari ilimfikia mtoto wa dada, aliyefanya kazi mji wa mbali. Akapiga simu.

"Mama mdogo, kama huwezi, sema. Zipo nyumba wanakotunzwa watu kama mama. Nitamtafutia nafasi."

Fundi aliwahi kuiona nyumba ya namna hiyo. Aliona vitanda vimepangwa safu mbili, na watu wametazama dari. Hakuna aliyegeuka alipoingia.

"Naweza," alisema. "Nitatafuta nguvu."

*

Kesho yake Fundi aliamka alfajiri. Alivaa viatu vya raba vya binti yake aliyeolewa, akajifunga khanga kiunoni, akaenda kukimbia kuzunguka uwanja wa mpira. Vijana walimpita kama upepo. Naye akajikaza awafuate. Alikimbia mpaka akaona vimulimuli machoni.

Siku iliyofuata alikimbia zaidi. Iliyofuata, akaongeza kuruka kamba uani. Hakunywa hata chai kabla ya kutoka. Aliamini tumbo tupu ndilo jepesi.

"Pole pole, mke wangu," seremala alimwambia. "Mbao mbichi hairandwi kwa hasira."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," Fundi alijibu.

"Ainame, sawa. Lakini wewe umeshaingia uvunguni mzima mzima."

Mwanzoni alijisikia shujaa. Kisha mwili ukaanza kumgeuka. Magoti yaliwaka moto. Aliamka na uchovu mzito kuliko aliolala nao. Usingizi wenyewe ulikuwa wa kuruka ruka, na moyo ulimdunda akiwa amelala. Mchana alisinzia na pasi mkononi, akaunguza shati la mtoto wa watu.

Lakini hakupumzika hata siku moja. Kila uchovu ulipozidi, alijiambia kwamba bado hajafanya vya kutosha.

Jioni moja dada aliangusha kijiko. Akakiangusha tena.

"Hata wewe jisaidie basi!" Fundi alifoka. "Mkono mmoja si mzima?"

Dada aligeuza uso ukutani. Chakula kikapoa.

Asubuhi iliyofuata Fundi alimshika dada kwapani amwinue. Miguu yake ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana. Hakuweza kumwondoa hata kidogo kitandani. Zile nguvu chache alizokuwa nazo zamani, sasa hazikuwepo.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakulia. Alijiona amekuwa kama kisima kilichochotwa mpaka tope. Alifikiri: bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni mimi.

Akachukua simu.

"Mwanangu," alimwambia mtoto wa dada, "njoo umchukue mama yako."

"Nitakuja nikipata likizo, mama mdogo. Usijilaumu."

Dada alikuwa palepale, anasikia.

*

Kila wiki alikuja binti mmoja kutoka kituo cha afya. Alikuwa mtaalamu wa viungo, kazi yake kuwasaidia wagonjwa waliopooza. Dada alimwita Binti Nyoosha, kwa kuwa kila alichosema ni "nyoosha, nyoosha."

Siku hiyo alibisha hodi, akamsalimia dada, kisha akamtazama Fundi.

"Shikamoo mama. Leo mgonjwa wangu ni yupi?"

Fundi alimweleza yote. Kukimbia, kamba, magoti, pasi, simu.

"Mimi nimezeeka, mwanangu," alimaliza. "Mwili huu umekwisha. Nimeujaribu nikaona."

"Mama, nikuulize jambo la kazi yako. Cherehani iliyokaa miaka bila kutumika, unaianzaje?"

"Naifuta vumbi. Naitia mafuta. Naizungusha kwa mkono kwanza."

"Na ukiikanyaga kwa nguvu siku hiyohiyo, ushone turubai?"

"Sindano itakatika. Labda na mkanda."

"Basi."

Fundi alilielewa fumbo, lakini halikumpa faraja. "Cherehani ina vipuri," alisema. "Mimi sina."

"Ndiyo maana uanze taratibu," binti alisema. "Na kabla ya yote, njoo kituoni upimwe. Mtu wa umri wako ambaye hajafanya mazoezi miaka mingi hapaswi kukurupuka tu. Lazima tujue presha yako, sukari yako, na moyo wako."

Fundi alikwenda shingo upande. Daktari alimkuta na presha iliyopanda kidogo, na damu pungufu. Alimpa dawa na kumwagiza ale vizuri. Akasema, "Kwa damu hii, mama, nashangaa ulikuwa unafika uwanjani."

Binti Nyoosha alimwambia apumzike kwanza mpaka magoti yatulie. Kisha aanze kutembea, si kukimbia. Atembee dakika kumi tu, siku moja afanye, siku moja apumzike.

"Dakika kumi? Hata kuku wangu anatembea zaidi!"

"Na kuku wako hajachoka. Sikiliza, mama. Mazoezi yanauamsha mwili tu. Mwili unajijenga ukipumzika, ukila na ukilala. Wewe ulikuwa unabomoa kila asubuhi, na mjenzi hukumpa siku hata moja."

"Nitajuaje nimezidisha?"

"Ongea huku unatembea. Ukiweza kuongea, unaenda vizuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Anza polepole ili mwili upate moto, na umalize polepole. Kunywa maji. Usitoke na njaa. Na ukiamka umechoka kuliko jana, hiyo ni siku ya kupumzika, hata kama hukuipanga."

Kisha sauti yake ikabadilika.

"Kifua kikibana, au kizunguzungu kikikushika, au moyo ukienda mbio ukakataa kutulia, simama hapohapo. Nenda hospitali. Hayo si ya kuvumilia."

Alimfundisha pia mazoezi ya nguvu. Asimame kutoka kitini na kukaa tena, taratibu, mikono mezani. Asukume ukuta kwa viganja. Mara chache tu, aache kabla hajaishiwa.

Mwisho alimwonyesha namna ya kumwinua dada. Mgongo usipinde. Magoti ndiyo yapinde. Amsogeze dada karibu na mwili wake, amfunge kiunoni mkanda mpana wa kushikia. Na dada mwenyewe akanyage kwa mguu mzima.

"Na...weza," dada alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu siku ya kijiko.

*

Seremala alijitolea kumsindikiza mkewe ili apate mtu wa kuongea naye. Alimsimulia habari za mbao. Mbao zilizopinda, mbao zilizoliwa na mchwa, mbao aliyoiona ujanani na hajaisahau mpaka leo.

"Nijibu, mke wangu. Usiponijibu nitajua pumzi imekata."

"Pumzi ipo. Hamu ya mbao ndiyo imekata."

Hata hivyo, mabadiliko hayakuonekana. Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili. Fundi aliona anapoteza muda. Vijana bado walimpita uwanjani, na sasa hata wazee walimpita. Akapata mafua, akalala siku kadhaa. Alipoinuka alitaka kutembea mara mbili ili kufidia.

"Hakuna kufidia," Binti Nyoosha alimkataza. "Rudi nyuma kidogo ya pale ulipoishia, kisha uongeze taratibu."

"Lakini mtoto wake anakuja! Nitamwonyesha nini?"

Binti alimrudisha kwenye zoezi la kiti.

Mtoto wa dada alifika na begi tupu la kubebea nguo za mama yake. Alilitandaza kitandani. Alikuwa mtoto mwema, na macho yalimwiva kwa kulia njiani. Fundi alikunja magauni ya dada, moja baada ya jingine. Kila moja alilishona mwenyewe.

Dada alitazama begi. Akamtazama mdogo wake.

"Niinue," alisema.

Fundi alimfunga mkanda. Alipinda magoti, akamvuta karibu, mgongo ukanyooka.

"Haya dada. Mguu mzima."

Dada alikanyaga. Fundi akasimama naye. Walisimama hivyo, wamekumbatiana kifua kwa kifua, kisha Fundi akageuka taratibu na kumkalisha kitini. Hakumwangusha. Alikaa kitandani juu ya magauni, jasho likimtoka.

"Mama mdogo, unahema," mtoto wa dada alisema.

"Nahema. Lakini naongea."

"Na kesho je? Na mwakani?"

"Mwakani sijui, mwanangu. Kesho naiweza."

Kijana alilitazama begi. Halafu akaanza kuzirudisha nguo kabatini.

*

Miezi ilipita. Dakika kumi zikaongezeka kidogo kidogo, na siku za kutembea pia, lakini siku za kupumzika hazikufutwa. Presha ya Fundi ilishuka. Ngazi za duka la vitambaa alizipanda bila kupekua mkoba. Hakumwangusha dada tena. Jioni alibaki na uzima wa kukaa naye wakazungumza, badala ya kujitupa kitandani kama mzigo.

Lakini dada hakupona. Siku moja Binti Nyoosha aliunyoosha ule mkono wa kulia, akaukunja, akauweka chini. Uani alimwambia Fundi ukweli.

"Hautaamka, mama. Wala mguu. Tutamlinda na vidonda, tutamtunza. Zaidi ya hapo, sitaki kukudanganya."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alimsindikiza binti mpaka njiani, akamshukuru. Aliporudi alisimama uani peke yake, akalia mpaka khanga ikalowa.

Asubuhi yake alivaa raba. Alitaka kukimbia mpaka aanguke, ili asifikiri. Alikwisha kushika komeo la mlango.

Akakumbuka kwamba jana alitembea. Leo ilikuwa siku ya kupumzika.

Aliliachia komeo. Kisha alivua raba, akamwinua dada na kumkalisha kitini, akavuta kigoda na kukaa kando yake.

"Hu...endi?" dada aliuliza.

"Siendi. Leo tupo wote."

Akauchukua ule mkono uliopooza, akaanza kuupaka mafuta, kidole kimoja kimoja, bila haraka.