Kiti cha Mbele Kimejaa

"Raushan, na wewe utakaa wapi?"

Bi Zeinep, jirani yake wa ukuta mmoja, aliuliza hivyo huku akichungulia gari la Meirbek lililokuwa likipakiwa ng'ambo ya barabara. Nyuma kulikuwa kumejaa mpaka darini. Kiti cha mbele kilikaliwa na godoro lililokunjwa na jiko.

"Bado anapanga," Raushan alijibu. "Atavihamisha."

"Haya mwanangu. Nimeuliza tu, usije ukasema nina mdomo."

Raushan akaingia ndani, lakini swali likaingia naye.

Meirbek, mpenzi wake aliyeahidi kuhama naye, alikuwa amepata kazi ya gereji huko Kostanay, kaskazini kabisa mwa nchi, na gari lake hakutaka kuliuza. Kutoka Taraz, mji wao wa kusini, ni kuivuka nyika nzima katikati ya baridi. Raushan aliijua barabara ile, ndiyo iliyomfanya mjane. Basi kila akimaliza sala ya Isha, alimpigia simu wapange safari.

"Matairi ya misumari, yale ya theluji, umeshafunga?"

"Nimefunga, bosi wangu."

"Tukilala njiani Balkhash, betri iingie ndani. Ikibaki nje, asubuhi ni kusukuma gari meno yakigongana."

"Nitailaza kitandani niifunike na blanketi, bibi wa watu."

"Acha utani wewe. Na gari likikwama kwenye theluji, zibua ekzosi kwanza ndipo uwashe injini. Moshi ukirudi ndani, mtu haamki."



"Nimesikia," Meirbek akasema.

Raushan alikata simu akitabasamu gizani. Nyumba ile haikuwa na sauti nyingine.

Siku polisi walipoinua kizuizi cha barabara baada ya dhoruba ya theluji, ujumbe wa Meirbek uliingia: "Njia imefunguliwa, natoka kabla ya adhuhuri. Peke yangu kwanza. Theluji ikiyeyuka nitakuja kukuchukua. Usihuzunike."

Aliusoma amesimama mbele ya tanuri, unga bado mikononi. Akautoa mkate, akaufunga kwenye kitambaa, akavuka barabara.

Meirbek alikuwa katikati ya chumba kitupu, ameshavaa koti.

"Nilitaka nikupitie," alisema.

"Nimekuokolea safari. Uma mkate."

Kwao msafiri huuma mkate kabla ya kutoka, na unaobaki hutundikwa ukutani umngoje aje aumalize. Kazi hiyo ni ya mama, lakini mama yake Meirbek alikuwa kaburini.

Meirbek aliupokea kwa mikono miwili. Akaunusa. Akaurudisha kwenye kitambaa.

"Nimeshiba."

"Hakuna anayeuma mkate wa safari kwa njaa."

"Raushan, usinifanyie hivi."

"Uma tu. Nitautundika nyumbani kwangu, nikungoje. Sitakuuliza lingine."

Ulimi wa Meirbek ulikuwa mwepesi wa ahadi, mtaa mzima ulilijua hilo. Lakini juu ya mkate hakuwahi kusema uongo, tangu utoto wake. Alikaa juu ya sanduku, macho chini.

"Siwezi."

"Kwa sababu hurudi."

"Gulnaz yuko kule."

Gulnaz alikuwa mtalaka wake.

"Ndiye aliyenitafutia kazi," aliendelea. "Tumekubaliana turudiane."

"Tangu lini?"

"Tangu majani yalipopukutika, kabla ya baridi."

"Na mimi kila jioni nakupangia barabara ya kwenda kwa mkeo."

"Ulikuwa unafurahi, Raushan. Nilikuwa nasikia kwenye sauti yako. Nikajiuliza, nikimwambia, jioni atabaki na nini?"

"Ningebaki na ukweli. Huo ningejua namna ya kukaa nao."

Meirbek alijifuta uso kwa kofia yake.

"Utanisamehe?"

"Nitakuombea kwa Mungu ufike salama. Hilo ninaliweza leo. Lingine usiniombe."

Aliubusu mkate, akaugusisha kwenye paji la uso, akaufunga mzima katika kitambaa chake. Akajifunga shali, taratibu, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi akapata. Meirbek alisimama, funguo zikalia mkononi mwake.

"Nikifika Balkhash nikupigie? Raushan? Nikupigie tu ujue nimefika?"

Raushan aliufungua mlango, baridi ikaingia, naye akatoka.