Nusaiba wa Kwenye Kadi

Jumamosi soko la Yeoville, Johannesburg, halina adabu. Mtu anakukanyaga, kisha anakutazama kana kwamba mguu wako ndio uliomfuata. Asubuhi hiyo ya baridi, katikati ya mafungu ya sombe, kisamvu cha Wakongo, na samaki wakavu, kijana mmoja wa Tanga alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friza ya muuza samaki, ovaroli la buluu limemjaa vumbi, miguu tu ndiyo inayoonekana. Akatokea dada wa Bukavu, kitenge cha manjano kimebana pale panapostahili kubanwa, sweta jeusi juu, misuko myembamba imefungwa nyuma kama taji. Akafungua friza, akawakuta samaki wake aliowawekesha wanatoka jasho.

"Nani alizima hii friza? Samaki zangu zinaoza!"

Miguu ikajibu. "Ilijizima yenyewe jana, bibie. Mimi nimeikuta marehemu. Nivumilie kidogo niifufue."

"Weye ni fundi ao ni mchungaji?"

"Inategemea friza ina imani kiasi gani."

Dada alikuwa amekuja kugombana, na ugomvi alikuwa ameuandaa tangu mlangoni. Akacheka. Kijana akajitoa chini, akajifuta mikono, na alipomwona aliyekuwa akimsemesha, akasahau bisibisi ilipo. Ilikuwa mkononi mwake.

"Naitwa Burhani. Na wewe?"

"Consuelo."

"Hilo jina, au dawa ya kifua?"

"Ni jina ya Kihispania. Usiicheke."

"Kwani umetoka Hispania?"

"Nimetoka Bukavu. Jina njo ilitoka Hispania, ikanikuta kule."

"Lilikuja kwa miguu?"

"Siku utaniuliza na adabu, nitakuelezea."

Hakuuliza siku hiyo. Friza ikanguruma, samaki wakaokoka, na namba za simu zikabadilishana mikono. Hakuuliza wiki iliyofuata wala mwezi uliofuata. Mwanamume akishampata mwenye jina, huona jina lenyewe ni kifungashio.

Mapenzi yakakolea. Consuelo alikuwa msusi katika saluni moja ya Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, mahali ambapo siku za mechi hata kitana hutetemeka kwa kelele. Burhani alipanga chumba Jeppestown, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Jioni, kazi ikiisha, simu ilikuwa haipoi.

"Chelo wangu, umekula?" Hivyo ndivyo wanavyolikata jina hilo huko Hispania, Consuelo alimfundisha siku moja alipokuwa na furaha.

"Nimekula, sijashiba."

"Umekula nini?"

"Maneno yako. Haina mafuta."

"Basi kesho naleta pweza."

"Lete na weye mwenyewe. Pweza haijui kubembeleza."

Mambo yakafika kwa wazee. Mjomba wake Consuelo, Mzee Ignace, mlinzi wa maghala huko Jeppestown, alimpokea Burhani kwa soda na maswali, akaridhika. Shehe naye aliulizwa, akasema ndoa inafaa, kila mtu na sala yake. Kikabaki kizingiti kimoja, nacho kilikuwa na miguu: Shangazi Fauzia.

Bi Fauzia alikuwa mke wa baba mkubwa wa Burhani, ingawa Burhani alimzoea kwa shangazi; aliishi Observatory na ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Alikuwa mpishi wa shughuli zote za Watanzania wa Johannesburg. Ukimuudhi, harusi yako italiwa mkate na chai. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mwanawe, na kundi la kamati kwenye simu lililia mchana kutwa kama kuku mwenye vifaranga.

"Huyo mchumba anaitwa nani?" aliuliza siku moja, akikuna nazi.

Burhani akajikuna shingo. Kwenye simu yake alikuwa amemwandika *Kipenzi*, na nyumbani alimwita *yule*. "Jina lake gumu kidogo, shangazi. La Kizungu."

"Basi tutampa Nusaiba. Jina zuri, la mwanamke shujaa. Mke akiingia ukoo anapewa jina, ndivyo nilivyopewa mimi. Au una la kusema?"

Alikuwa nalo. "Sawa, shangazi," akasema.

Alikusudia kumweleza Consuelo taratibu, siku nzuri itakapopatikana. Wanaume wana kabati la mambo ya kusema baadaye. Halina kufuli, na siku zote hufunguliwa na mtu mwingine.

Lilifunguliwa na Tabia, mama mchangamfu wa Kitanzania, mjumbe wa kamati, aliyeingia saluni asijue anakaa mikononi mwa nani.

"Nisuke nipendeze, dada. Tuna harusi. Tena ya mtoto wa Bi Fauzia, yule fundi majokofu, unamjua?"

"Namusikia," Consuelo akasema, na moyo ukamchekea. Alitaka kuona raha ya kusifiwa mtu wake na asiyejua.

"Tazama kadi hii kwenye simu yangu. Imetoka leo leo."

Maua ya dhahabu, herufi za kujipinda. Burhani kavaa suti ya kijivu, ile aliyochaguliwa na Consuelo, na tai ambayo Consuelo aliifunga kwa mikono yake, akaifungua, akaifunga tena mpaka ikakaa sawa. Picha ya bibi harusi haikuwepo. Bi Fauzia hapendi uso wa mwali uzunguke kwenye simu za watu. Chini pameandikwa: *Burhani na Nusaiba*.

"Nusaiba ni nani?" Consuelo akauliza.

"Bibi harusi, mama! Simjui, ila nasikia mzuri."

Mwenzake wa saluni, Victoire, aliliona lile jina kupitia kioo, akaweka chini kikausha nywele. Consuelo akashika msuko uliofuata. Akasuka. Akasuka mpaka msuko wa mwisho, na hakuna hata mmoja uliokwenda kombo. Tabia akajitazama, akashukuru, akaondoka akijipepea. Ndipo Consuelo akaenda nyuma kwenye beseni la kuoshea nywele, akafungua maji yaporomoke kwa nguvu, akalia humo ndani ya kelele.

Burhani alipiga simu mchana. Kimya. Alasiri ikapokelewa.

"Chelo?"

"Ni Victoire."

"Shemeji! Chelo yuko wapi?"

"Alienda kukutafutia zawadi ya harusi. Nusaiba anapenda sufuria ao shuka?"

Burhani alikuja mbio kwa miguu, ovaroli mwilini, akavuka roboti, taa za barabarani, ikiwa nyekundu hata madereva wa teksi, ambao wenyewe hawaijui nyekundu, wakamtukana. Ilikuwa siku ya mechi. Barabara zimejaa fulana za njano na vuvuzela. Alimkuta Consuelo anafagia nywele zilizokatwa, amejifunga kitambaa cheusi kichwani kama mwenye msiba.

"Nusaiba ni nani, Burhani?"

Burhani akashusha pumzi ndefu. Halafu, Mungu amsamehe, akacheka. "Ndiyo hilo tu? Jamani, nilidhani mtu amekufa! Nusaiba ni wewe, mpenzi. Shangazi amekupa jina la ukoo. Hakuna mwanamke mwingine, ni wewe mwenyewe!"

Akafungua mikono akisubiri kukumbatiwa. Mikono ikabaki hewani. Consuelo aliacha kufagia.

"Afazali ungekuwa na mwanamuke mwingine."

"Unasema nini?"

"Mwanamuke mwingine ningemushinda. Ningekuja kwake, ningemutazama, ningejua mimi niko muzuri kumupita. Huyu nitamushinda namna gani? Ana suti niliyokuchagulia, ana siku yangu, ana bwana yangu. Na mimi siko kwenye kadi. Nilikufa lini?"

"Ni jina tu, Chelo."

"Kaa chini."

Akakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, kofia la mashine likiwa juu ya kichwa chake. Siku nyingine wangecheka.

"Mama alinizaa wiki ile ile walimuzika baba," Consuelo akasema. "Ilikuwa vita. Nilipotoka, mama aligeukia ukuta. Hakutaka kunishika, hakutaka kuninyonyesha. Alisema, huyu ananuka kaburi. Pale maternité, nyumba ya kuzalia, kulikuwa Sista mumoja mukunga, Muhispania. Wazungu benzake walishapanda ndege, yeye alibaki. Alinifunga kifuani kwake na kitenge, akakaa kwenye kitanda ya mama, usiku na muchana, risasi inalia inje. Hakumuhubiria. Alimuambia tu: mupe jina unayotaka, lakini mupe. Mutoto bila jina ni rahisi kumuacha."

Vuvuzela zikapita nje. Akangoja zipite.

"Mama alibaki anatazama ukuta. Kisha akamuuliza: weye, jina yako ni nani? Sista akacheka. Akasema, naitwa Consuelo, kwa Bikira Maria wa Faraja, lakini hiyo ni jina ya mabibi. Nilipokuwa mutoto darasa ilijaa bakina Consuelo, leo kule kwetu hakuna mama anaitoa tena, tutazikwa nayo. Mama akasema, basi lete hapa. Akageuka. Akanichukua."

Burhani alikuwa anatazama sakafu.

"Kisha bamama bengine pale wakaiomba pia. Kwa parokia yetu utaita Consuelo, babinti bane banaitika. Kule Hispania inakufa, kwetu inabeba mimba. Lakini ya kwanza ni mimi. Mama yangu alinikubali na ile jina. Ukiiondoa, mimi ni nani? Mutoto aligeuziwa mugongo." Akashika tena ufagio. "Mwaka muzima, Burhani. Ulikuwa unaniuliza nimekula nini. Hii hukuniuliza hata siku moja. Nenda umuoe Nusaiba. Anakungoja kwenye simu."

Burhani hakwenda kwake Jeppestown. Alikwenda moja kwa moja Observatory, akamkuta shangazi anapanga masinia.

"Shangazi, futa ile kadi."

"Umeota?"

"Nilikwambia sawa, na haikuwa sawa. Kosa ni langu, sikufungua mdomo. Anaitwa Consuelo. Nitaoa Consuelo, au sitaoa."

"Msichana wa Kikongo amekufundisha kunijibu?"

"Amenifundisha kuuliza," Burhani akasema. Akamsimulia yote, ukuta, kitenge, risasi, huku shangazi amemgeuzia kisogo akifuta sinia ambalo lilishafutwa.

"Nitakwenda kumwona mwenyewe," Bi Fauzia akasema mwishowe.

"Ukienda kugombana, usiende."

"Nitakwenda ninavyojua kwenda."

Akaenda Jumatatu, saluni ikiwa tupu. Baibui jeusi, mkoba mkubwa, manukato yaliyotangulia kuingia. Hakusalimia. Akaketi mbele ya kioo, akafungua mtandio. Nywele zilikuwa nyeupe na laini kama pamba iliyochambuliwa.

"Nisuke."

Consuelo alimjua bila kuambiwa. Lakini mkubwa akishakaa kwenye kiti chako na kuvua mtandio, humwambii ondoka. Akachukua kitana. Walitazamana kwa kioo, wanawake wawili wenye mtu mmoja.

"Mimi nilipewa jina siku ya ndoa," Bi Fauzia akaanza. "Na sikufa."

"Ndiyo, shangazi."

"Ni heshima. Ni kupokewa."

"Ndiyo, shangazi. Mbele ya kupokewa, zamani ile, ulikuwa nani?"

Kitana kikapita, kikarudi, kikapita. Victoire, aliyekuwa mlangoni, akajifanya anafuta vumbi kwenye ukuta usio na vumbi.

"Perpetua," Bi Fauzia akasema. Alilisema polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Kwetu ni Peramiho, Songea. Mimi si wa Tanga, mwanangu. Tanga niliolewa."

"Nani anakuita hivyo sasa?"

"Hakuna tena. Mama ndiye aliyekuwa akiniita. Lile jipya alilikataa. Nikimpigia simu, nasema ni Fauzia, anakata. Nasema ni Perpetua, anaanza kuniuliza kama nimekula." Akatabasamu, na tabasamu halikukaa. "Alipofariki nilisafiri, nikafika wanasoma wasifu wa marehemu. Wakataja watoto wake. Wakasoma Fauzia, kwa sababu ndilo lililo kwenye karatasi zangu zote. Nikawasikia wale mabibi wa kijijini nyuma yangu wanaulizana: Fauzia ndiye nani? Mbona marehemu hakuwa na mtoto huyo? Na mimi nimesimama hapo hapo, udongo mkononi."

Mikono ya Consuelo ilikuwa imetua juu ya ile pamba nyeupe, haisuki, imetulia tu, kama inavyowekwa juu ya kichwa cha mtoto mwenye homa.

"Kadi nimeifuta," Bi Fauzia akasema. "Nifundishe kulitaja. Sitaki nikosee mbele za watu, nina maadui."

"Consuelo."

"Konswelo."

"Inatosha, shangazi. Sista mwenyewe angeitika."

"Na lile jitu liko nje tangu nilipoingia. Liite."

Burhani akaingia. Hakuwa na ovaroli; alivaa ile suti ya kijivu, bila tai, maana hajui kuifunga. Alisimama katikati ya sakafu iliyofagiliwa, mikono haijui iende wapi.

"Consuelo," akasema, lote, bila kulikata. "Nilichelewa kuuliza. Sasa nauliza kwa adabu. Utanioa?"

"Wanaume ndio wanaooa, mjinga wewe," shangazi akasema kwenye kioo.

"Nitakuoa, basi. Utakubali?"

Consuelo alimtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Nitakubali. Lakini kaa kwenye kiti pale, ungoje. Niko na kichwa ya mukubwa mukononi."

Akakaa. Consuelo akamaliza msuko wa mwisho, akaufunga, akapaka mafuta kidogo kwenye mistari ya ngozi. Kisha akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la yule bibi.

"Mama Perpetua. Umependa?"

Bibi hakutazama kioo. Alikuwa amefumba macho.

"Niite tena," akasema.