Mgeni katika Kikundi cha Wasimamizi

Maiti ya Godana ilikutwa kichakani nje ya Garsen, imelala kifudifudi, jeraha la risasi mgongoni. Ng'ombe wake walikuwa wameibwa. Kola zao za kielektroniki, zilizokuwa zikionyesha walipo, zilikuwa zimekatwa na kutupwa kando yake.

"Kaka alihama kimyakimya. Walijuaje alipo?" Kuno, mdogo wa marehemu, alimuuliza Inspekta Salama kwenye simu. Alikuwa amejificha na nusu nyingine ya kundi karibu na Kilelengwani.

Ng'ombe hao nao walivaa kola.

Alikwenda kwenye ofisi ya mradi uliogawa kola. Ishaq, fundi wa mitambo, ndiye aliyekuwepo.

"Nani anaona data za kola?"

"Kila mfugaji anaona mifugo yake tu, afande. Kikundi cha Wasimamizi ndicho chenye ruhusa ya kuona yote. Humo tumo mimi na Fatma, meneja wa mradi."

"Fungua nione."

Ishaq alisita, akafungua. Kulikuwa na jina la tatu: Mgeni.

"Aliingizwa na Fatma jana asubuhi," Ishaq alisema haraka.

"Jana asubuhi Fatma alikuwa leba. Nimetoka kumhoji wodini. Nani mwingine anajua nywila yake?"

Ishaq alinyoosha mkono kufunga ukurasa; Salama akamzuia.

"Na hiki kitone cha kijani kando ya jina la Mgeni?"

"Maana yake... anaangalia sasa hivi."

"Mtoe!"

"Nikimtoa atajua, afande! Watamuua mwanangu!" Ishaq alianza kulia. "Walinisimamisha njiani. Walinitajia madrasa anayosoma Sumeya, hata rangi ya mkoba wake. Nikawapa ruhusa. Nilidhani watachukua ng'ombe tu."

Salama alituma askari madrasani, kisha akampigia Kuno. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika, ndipo ikapokewa.

"Kuno! Vua kola zote, ziache hapo hapo. Swaga ng'ombe, uondoke!"

Mgeni aliachwa aendelee kutazama. Askari waliwavizia majambazi kando ya kola zile, wakawanasa watatu na bunduki yao. Simu ya mmoja ilikuwa bado inaonyesha kundi limetulia.

Sumeya alipatikana salama.

"Ungetupigia sisi," Salama alisema, akimfunga Ishaq pingu.

"Niliogopa, afande. Angekuwa mwanao?"

Salama alifungua mlango. Nje alisimama Qabale, mjane wa Godana, mtoto mgongoni, akisubiri kuambiwa ni nani aliyemsaliti mumewe.